Programu ya hesabu za gari la mbio: springi 40 ikawa 21

Sijui nianze na pesa au na dharau. Acha nianze na springi.

Tunashindana autokrosi, mbio za magari za vumbini, Nairobi kwa bagi, gari jepesi la mbio, aliyoijenga fundi wetu hapa hapa. Programu hii unaipa uzito wa gari, vipimo vya saspensheni na aina ya tairi, nayo inakuonyesha gari litakavyokwenda kabla hujashika spana. Sasa kuna namba moja inayobeba kila kitu: gurudumu likipanda milimita moja, shokapu inajibana milimita ngapi. Yetu ya nyuma ni 0.85. Unaizidisha kwa yenyewe, kisha kwa ugumu wa springi, ndipo unapata ugumu unaofika kwenye gurudumu. Sisi tulitaka nyutoni 29 kwa milimita. Springi yake ni ya 40.

Wenye programu wakaleta toleo jipya, na kimyakimya wakaigeuza ile namba kichwa chini: sasa ni mwendo wa gurudumu kugawanya kwa wa shokapu. Faili letu likafunguka vilevile, 0.85 ileile, hata onyo la rangi nyekundu hamna. Badala ya kugawanya 29 kwa 0.85 mara mbili, ikazidisha, ikatuambia springi ya 21. Nusu! Tukaagiza ng'ambo, tukalipa na ushuru. Tuta la kwanza pale uwanja wa Jamhuri gari likakaa chini lote, shokapu ya nyuma ikapasuka, mafuta yakatapakaa kwenye tairi. Siku ikaishia hapo.

Nikawapigia. Kijana wa huduma kwa wateja akanisikiliza kidogo, akaniuliza: "Kwani mashindano ya vumbini yanahitaji hesabu?"

Vumbini! Safari Rally ilitoka kwenye ubingwa wa dunia baada ya 2002, ikarudi 2021, na timu za kampuni zinazounda magari zinakuja Naivasha na wahandisi na kompyuta zao, kwa sababu lile vumbi laini la njia ya Kedong huko linameza gurudumu na chini yake kuna mawe. Vumbi ndilo linalotaka hesabu kuliko lami. Mtu anayeuza programu ya magari hajui hilo?

Nisiwe mnyimi wa fadhila: toleo la zamani lilitusaidia sana. Ndilo lililotuonyesha kwamba magurudumu ya mbele yanajipinda yenyewe kila yanapopanda. Tukashusha kichwa cha tairodi, ile fimbo inayounganisha usukani na gurudumu, milimita chache tu, na dereva akashuka anacheka, anasema usukani umetulia kabisa. Siku ile ningewapa nyota tano bila kufikiri. Kama unalo toleo hilo, lishike, usikubali kusasisha.

Wengine msinunue. Au nunueni, lakini kila jibu mlipige upya kwa kikokotoo kabla ya kuagiza kitu. Mimi nimeshawaandikia nataka hela ya springi na shokapu, ya leseni wabaki nayo. Hapana, hata ya leseni wanirudishie. Na yule kijana aombe radhi.