Uzoefu wangu: kuchapa potifolio ya grafiki Dodoma mjini

Wapo watakaokwambia potifolio ya karatasi, yaani kitabu cha kuonyesha kazi zako, imepitwa na wakati, weka kazi zako Behance, tovuti ya kuonyeshea kazi za usanifu, utume linki, basi. Kwa Dodoma sikubaliani nao. Wateja wanaolipa vizuri hapa ni wizara na taasisi za kule Mtumba kwenye Mji wa Serikali, mashirika yasiyo ya kiserikali, vyuo, wasindikaji wa mvinyo na wa mafuta ya alizeti. Wengi wao wanakuita ofisini, ukakaa mezani na watu watatu au wanne. Kitabu hapo kinapita mkono kwa mkono; simu ya mtu huwa haipiti.

Huduma ninayoipima ni ya steshenari moja kubwa katikati ya mji, yenye mashine ya leza ya rangi inayopokea karatasi ya SRA3, yaani milimita 320 kwa 450. Kwa ufupi: uchapaji safi, ukataji wa wastani, ukaguzi wa faili hakuna kabisa. Ulicholeta kwenye flashi ndicho kinachotoka, makosa yote yamo.

Umbo ndilo linalowakwamisha wengi. Tunapenda A4 ya kulala, yaani pana kuliko kwenda juu, kwa sababu inafanana na skrini. Ila ukitaka kitabu cha kukunja na kupiga pini katikati, haiwezekani kwenye mashine ya namna hii: kurasa mbili za A4 ya kulala zikipangwa ubavu kwa ubavu zinafika upana wa milimita 594, na karatasi inaishia 450. Kwa pini, tumia A4 ya kusimama na idadi ya kurasa igawanyike kwa 4. Kwa A4 ya kulala, nenda na spairo, ule uzi wa kujizungusha unaopita kwenye matundu ya ukingo. Mimi nachukua spairo ya plastiki, kurasa 24. Haina sura ya kifahari, lakini kitabu kinalala sawasawa mezani, na kazi ikizeeka unaizungusha spairo ikatoka, unabadilisha karatasi moja badala ya kuchapa upya yote. Acha milimita 15 upande wa matundu, na usitandaze picha moja kwenye kurasa mbili, itakatwa na matundu katikati.

Karatasi: ndani gramu 150 au 170 kwa mita ya mraba, isiyong'aa, kava gramu 300 yenye laminesheni ya mati, yaani utando mwembamba wa plastiki usiong'aa. Wahudumu watakusukumia ya kung'aa kwa sababu rangi zinaonekana kali pale kaunta. Ikatae. Chini ya taa za ofisini inarudisha mwanga machoni, na alama za vidole zinabaki. Mati nayo ina kasoro yake, inaonyesha mikwaruzo upesi, na vumbi la mji huu kuanzia Juni halina huruma. Kitabu kikae kwenye bahasha yake. Kiangazi pia hewa ikikauka sana karatasi hujikunja na kushikana kwa umeme tuli, mashine ikavuta mbili kwa mpigo. Omba karatasi itolewe kwenye rimu iliyofungwa, si ile iliyokaa wazi juu ya meza.

Sasa faili. Peleka PDF yenye fonti zake ndani, picha za dpi 300 (nukta 300 kwa inchi) kwa ukubwa halisi, rangi CMYK, yaani wino nne za uchapaji: samawati (C), majenta (M), njano (Y) na nyeusi (K), na ziada ya milimita 3 kila upande kwa ajili ya kukatwa. Usipeleke faili la programu ya usanifu, iwe Illustrator au CorelDRAW. Kompyuta ya pale ikikosa fonti moja itaweka nyingine kimya kimya. Kabla hajabonyeza kuchapa, simama nyuma ya muhudumu uangalie sehemu ya ukubwa kwenye dirisha la printa. Ikiwa imewekwa ijitoshe kwenye karatasi, ukurasa utabadilishwa ukubwa, alama za kukatia zitasogea na vipimo vyote vitakuwa uongo. Iwe asilimia 100. Hapo ndipo kazi nyingi zinapoharibika, na hakuna anayegundua mpaka ukataji uishe.

Weusi una mambo mawili. Eneo kubwa jeusi lililojazwa K 100 (wino mweusi asilimia 100) peke yake hutoka kama kijivu kilichochoka. Weka C 60, M 40, Y 40, K 100. Maandishi madogo yafanye kinyume chake, K 100 tu, kwa sababu rangi nne zikipishana hata kidogo herufi zinapata kivuli cha rangi pembeni. Fremu nyembamba kuzunguka ukurasa ziache kabisa: mbele na nyuma ya karatasi hupishana milimita moja au mbili, na fremu ndiyo inayokusema. Kijani na zambarau za skrini zitapoa, kwa hiyo lipia kwanza ukurasa mmoja wa majaribio wenye rangi hizo.

Kuhusu cha kuweka ndani, kazi 8 zinatosha. Kwa soko hili ripoti ya mwaka yenye majedwali inabeba uzito kuliko nembo kumi za kubuni, maana taasisi zinataka kuona kama unaweza kupanga kurasa 80 bila kupotea. Ongeza lebo ya chupa ya mvinyo, ikionyeshwa ikiwa bapa na vipimo vyake, halafu picha ya chupa yenyewe. Na bango la banda la Nane Nane Nzuguni likiwa limesimama uwanjani, watu wakipita, ili ukubwa wake uonekane. Nyaraka ya ndani ya ofisi usiionyeshe bila ruhusa. Kazi ya kujitungia iandike hivyo.

Ukurasa wa mwisho weka msimbo wa QR usiopungua milimita 20, mweusi juu ya nyeupe, unaokwenda Behance. Kule picha ziandae kwa upana wa pikseli 1400. PDF ya pili ya kutuma iwe chini ya megabaiti 10, na WhatsApp itume kama dokumenti, kwani ukituma kurasa kama picha zitabanwa na maandishi madogo yatavurugika.

Bei inahesabiwa kwa ukurasa wa rangi. Mashine nyingi huihesabu A3 kama A4 mbili, hivyo kukuza umbo kunaumiza mara mbili. Naipa huduma hii 7 kwa 10. Mbili zimekatwa na ukataji, ambao nakala moja na nyingine hazilingani, na moja kwa foleni: wakati wa Bunge la bajeti, Aprili hadi Juni, kazi ndogo kama yako inasukumwa nyuma ya vitabu vya watu wakubwa. Miezi hiyo peleka faili wiki nzima kabla, na uchape nakala tatu kwa mpigo mmoja ili rangi zifanane.