Soksi ya goti: miezi mitano nimeivaa, haya ndio nimeyaona

Nianze na goti lenyewe ndio mnielewe. Nina miaka 56, nakaa Likoni, kazi yangu ni mahamri na mbaazi za asubuhi, na mbaazi bila tui zito si mbaazi, kwa hivyo miaka thelathini na kitu nimeikalia mbuzi kila siku ya Mungu, kile kibao mnakijua, unakaa chini kabisa magoti yamekuja juu. Sasa goti la kulia likaanza kulia. Sisemi kuuma, kulia, nikiinuka ukiwa karibu unalisikia kwaru kwaru utadhani kuna mtu anakuna nazi humo ndani.

Hospitali nilipigwa eksirei, daktari akaniuliza asubuhi linakaza kwa muda gani, nikamwambia dakika kumi, kumi na tano, nikishatembea jikoni kidogo lalainika. Akasema kama ingekuwa zaidi ya saa nzima na vidole vya mikono yote miwili vimevimba angefikiria ile baridi yabisi nyengine, ile kinga ya mwili inavigeukia viungo vyako mwenyewe, hiyo haitaki kungojwa na dawa zake ni nyengine kabisa. Yangu ni ya gegedu kulika. Gegedu ni kile kitu cheupe cha kuteleza mwisho wa mfupa wa kuku, watoto hupenda kukitafuna, basi changu kimekwisha upande wa ndani.

Haya, soksi. Nilinunua duka la vifaa vya hospitali huko mjini, 1,800, ile ya kuvuta yenye vyuma vyembamba viwili pembeni na velkro juu na chini. Kosa la kwanza langu mwenyewe, nilichagua saizi kwa macho, nikaona midiamu yatosha (mtu hujipunguza akiwa dukani), kufika nyumbani baada ya saa mbili mguu wote chini umevimba na vidole vinafanya ganzi. Siku ya pili nikairudisha, yule kijana akakubali lakini kwa kununa, nikapimwa na futi nimesimama, mzunguko wa goti na wa paja juu kidogo, kumbe mie ni laji kubwa. Kwa hivyo pimweni, msione haya.

Ilipokaa sawa nikaona faida yake. Wanaovuka feri wanajua, maji yakiwa yametoka ile rampu inakuwa mteremko wa kweli, na watu nyuma yako hawangoji mtu, wewe una kapu mkononi na goti linataka kukuwacha. Ni kuteremka ndiko kunakoniua, kupanda afadhali. Na soksi nateremka bila kushika bega la mtu nisiyemjua, goti nalihisi limeshikwa. Maumivu yenyewe hayaishi, yanapungua kidogo tu, lakini ile hofu ya kuanguka imetoka na kwangu hiyo peke yake ni thamani ya pesa yangu.

Ila joto jamani. Hii kitu imetengenezwa na watu wa baridi. Mwezi wa tatu hapa kwetu ukiivaa tangu asubuhi mpaka adhuhuri ukiivua ngozi imelowa kama umetoka kuoga, mie nilipata upele nyuma ya goti wiki nzima. Sasa naivaa nikitoka tu, nikifika naivua, usiku silali nayo, naifua kwa mkono naianika kivulini. Na velkro inanasa buibui! Buibui jipya la Idi limevutika nyuzi pale pale, nilikaribia kulia.

Nyota tatu na nusu basi, na zingekuwa mbili kama si fizio, yule wa tiba ya mazoezi. Daktari ndiye aliyenipeleka, nilikwenda mara nne tu kwa sababu ya pesa, msichana mdogo lakini anajua kazi, akaniambia mama soksi ni mkongojo, misuli ya paja ndio inayobeba goti na yako imelegea. Zoezi lenyewe unaliona kama mchezo, unakaa kwenye kiti unanyoosha mguu mbele unaushika hapo unahesabu mpaka kumi, unashusha pole pole, mara kumi kila mguu, asubuhi na jioni. Wiki mbili za kwanza niliona ananichezea. Ya sita nikainuka kitini bila kusukuma meza, nikakaa tena nikainuka tena, mjukuu akaniuliza bibi una nini. Yule wa fizio akaniambia pia kila kilo moja nikipunguza goti linapunguziwa kama nne kwa kila hatua. Nimetoa tano. Nauza mahamri, msiniulize zaidi.

Na hapa niseme la aibu. Kabla ya haya yote nilikuwa nakunywa unga fulani wa dawa ya mifupa, sitaji wa nani, siku ya tatu tu maumivu yalipotea kabisa nikamsifu muuzaji mtaa mzima. Baada ya miezi miwili uso umekuwa mviringo, presha imepanda, daktari akauliza unakunywa nini, nikatoa pakiti, akatikisa kichwa, akasema hizi nyingi huchanganywa steroidi, dawa kali za kutuliza uvimbe, kisirisiri na pia usiwache ghafla, akaniteremsha taratibu. Hata diklofenaki, vile vidonge vya maumivu vya dukani, alinikataza kumeza kila siku kwa ajili ya presha na figo, nikapewa ya kupaka.

Swala nasali kwenye kiti, mwanzo nilijisikia vibaya, nimezoea. Nazi napeleka kwa mashine sokoni. Tui si lile, wateja wawili wamenambia, mmoja kanambia kwa sauti mbele ya watu, lakini mbuzi nimempa binti yangu na sirudi.

Velkro ya juu imeanza kuachia mwezi huu wa tano. Nimempelekea fundi cherehani hapa nyuma abandike nyengine, kaniambia kesho, na kesho ya fundi mnaijua.