Nyumbani kwa mchoraji wa Tingatinga, Kigamboni: nenda asubuhi, rangi ikiwa bado mbichi

Nilivuka na pantoni Jumamosi saa mbili asubuhi, nikapanda bajaji, tukazunguka mitaa nusu saa kwa sababu hakuna kibao. Hilo ndilo kosa kubwa la mahali hapa, nalitaja mapema. Ulizia nyumba yenye tembo getini, watoto wa mtaa watakupeleka.

Mwenye nyumba ni mzee anayechora Tingatinga, mtindo wa picha za wanyama kwa rangi ya kopo, aliyeshika brashi tangu ujana wake, na sasa kila Jumamosi anafungua sebule na kibaraza kwa wageni.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu, karibu. Angalia miguuni, kuna kopo."

Kiingilio ni shilingi 10,000, pamoja na chai ya tangawizi na vitumbua vya mkewe, vya moto. Nilikaa saa tatu, na sehemu kubwa ya muda huo nilikuwa nikitazama ndege mmoja.

Alikuwa anachora kanga watatu kwenye turubai. Mandhari ya nyuma aliipaka Alhamisi: njano chini, inapanda kuwa chungwa, hadi nyekundu juu, akizichanganya kwa brashi pana kabla hazijakauka. Ijumaa akaweka miili meusi. Siku niliyofika ilikuwa zamu ya madoa. Anachovya, anagusa, anainua. Hapigi mstari hata mmoja. Rangi yenyewe ni ya mafuta, ile ile ya kopo tunayopakia mageti, na inajisambaza yenyewe ikigusa, ndiyo maana doa linatoka duara na kutuna kidogo kama tone la maziwa. Anaanza na madoa madogo shingoni, yanakua kadiri anavyoshuka kwenye bawa. Alinipa kipande cha hadibodi nijaribu. Nilikandamiza brashi, madoa yangu mawili yakaungana. "Mkono uwe mwepesi," akasema, "kama unamgusa mtoto aliyelala."

Niliomba kuinunua picha hiyo palepale, akakataa. "Njoo Jumanne. Leo nikikupa nitakuwa nimekuuzia gazeti."

Nilimwelewa vizuri sana. Miaka minne iliyopita nilinunua picha ya twiga katika duka moja mjini, zawadi ya dada yangu aliyeko Muscat. Muuzaji aliniapia kwamba imekauka. Dada alipofungua, gazeti lilikuwa limeganda shingo nzima ya twiga, akanitumia picha kwa simu akiomba radhi kana kwamba kosa ni lake. Bado linaniuma.

Ukutani sebuleni kuna hadibodi moja ya mraba, kama sentimita 60 kila upande, mnyama mmoja tu na uwanja mtupu. Wageni wengi wanaipita wakikimbilia picha zilizojaa simba, pundamilia na Kilimanjaro kwa pamoja. Mimi naona ndiyo bora kuliko zote nyumba nzima. Ndivyo alivyochora Edward Saidi Tingatinga mwenyewe, mtu wa Tunduru, alipoanza hapa Dar mwaka 1968 kwa hadibodi na rangi za baiskeli. Mwaka 1972 polisi walimpiga risasi wakidhani ni mtu mwingine, akafa. Miaka minne tu ya kazi! Ndugu na wanafunzi wake wakaendelea, na tangu 1990 wana ushirika wao Oysterbay, karibu na Morogoro Stores. Mzee aliyasimulia haya taratibu, brashi ikiwa mkononi.

Chumba cha kuhifadhia picha kina giza, balbu ni moja; omba zitolewe kibarazani, hatachoka. Harufu ya tina, ile ya kuyeyushia rangi, ni kali, mwenye pumu akae upande wa nje. Picha ndogo zinaanzia 25,000, kanga wangu watatu 120,000, unalipa taslimu au kwa simu. Sikuomba punguzo. Siku tatu za kazi nilizijua, moja nilikuwepo.

Jumanne nilirudi. Nilipitisha kidole juu ya madoa, yakawa magumu kama punje za mtama. Ndipo mzee akagundua hajaweka saini. Akaandika jina pembeni kwa rangi nyeusi, mkewe akaleta chai nyingine, nikasubiri ikauke. Nikavuka na pantoni ya jioni, picha nimeishika mbele kwa mikono miwili kama sinia.