Banda la Mzee Risiti, Temeke: kiingilio jero, mkataba wa Fei Toto bure

Nianze na bei ya kutazama mpira kwenye banda hili, maana ndilo swali la kwanza. Mechi ya kawaida ya ligi ni jero, yaani mia tano. Simba na Yanga, au timu zetu zikiwa kwenye mashindano ya Afrika, ni buku, yaani elfu moja. Kahawa kikombe mia mbili, kashata mia, kachori mia mbili, muhogo wa kukaanga kipande mia tatu, chachandu haihesabiwi. Banda halina bango. Liko mitaa ya nyuma ya soko la Stereo, Temeke, na ukimwambia bodaboda wa pale "nipeleke kwa Mzee Risiti" hakuulizi mara mbili.

Mimi ni mhasibu wa SACCOS, ni mwanamke, na ni Mwananchi, yaani shabiki wa Yanga, tangu utoto. Marehemu baba alinivalisha njano na kijani kabla sijajua kufunga kamba za viatu. Nayataja haya mjue nahukumu nikiwa nimekaa upande gani. Aliyenipeleka ni shemeji yangu, mume wa dada, shabiki wa Simba wa kutupwa. Alichoka kubishana nami sebuleni, akaona bora twende mahali penye mwamuzi.

Mwamuzi ndiye mwenye banda. Jina lake limetokana na ile kaulimbiu ya TRA, mamlaka ya mapato: ukiuza toa risiti, ukinunua dai risiti. Yeye kaifanya sheria ya nyumba. Ukitaja hela ya mchezaji, toa risiti: umesikia wapi, nani kasema, lini. Pembeni ya runinga kuna ubao mweusi kama wa darasani. Namba ikikubalika inaandikwa kwa chaki. Isipokubalika, aliyeitaja ananyamaza mpaka mapumziko. Nimeona watu wazima wenye wajukuu wakinyamazishwa hivyo, na wakatii.

Mpira wenyewe unaonekana vizuri, sina ubaya nao. Runinga kubwa iko mbele, ndogo iko nyuma kwa wachelewaji, na ile ya nyuma inatangulia ya mbele kwa sekunde kadhaa, kwa hiyo goli linashangiliwa mara mbili. Jenereta lipo. Feni zipo, moja inazunguka ikilalamika. Mabenchi ni mbao tupu. Njoo na kitenge cha kukunja ukalie. Karibu na mlango kuna benchi la kina mama na wazee, na hilo halikaliwi na kijana hata banda lijae vipi. Matusi ni marufuku: ukitukana unawanunulia kahawa watu watatu. Kwa mwanamke anayependa mpira mjini hapa, hiyo peke yake inatosha kumtoa nyumbani.

Lakini watu hawafuati runinga pale. Runinga ziko kila mtaa. Wanafuata saa nzima kabla ya mechi, na hasa miezi ya usajili, pale timu zinapoanza kutoa "thenkyu" kwa wachezaji na kila mtu anakuwa wakala. Dirisha likifunguliwa, faili la Feisal Salum, yaani Fei Toto, linafunguliwa nalo. Mchezaji yeyote akitajwa kwamba anataka nyongeza, awe wa Jangwani kwa Yanga au wa Msimbazi kwa Simba, mtu atasema "huyu anataka kutuletea ya Fei Toto," na hapo kazi imeanza.

Kwa walio mbali na soka letu: Fei ni kijana wa Zanzibar, alitoka timu ya JKU ya huko huko akaja Yanga mwaka 2018, akawa kiungo kipenzi cha Wananchi. Desemba 2022 akaaga. Aliingiza shilingi milioni 112 kwenye akaunti ya klabu, milioni 100 zikiwa za kurudisha fedha ya usajili na 12 za mishahara ya miezi mitatu, akasema mkataba umevunjika. Yanga wakazirudisha. Januari 2023 kamati ya sheria na hadhi za wachezaji ya TFF, shirikisho letu la soka, ikasema bado ni mali halali ya Jangwani, maana mkataba ulikuwa unakwenda hadi Mei 2024. Akaomba marejeo, akagonga mwamba. Akataka kwenda CAS, mahakama ya kimataifa ya michezo, watu wakaanza kumchangia nauli ya kesi.

Zote hizo zimo ubaoni. Na pale ndipo nilipolipenda banda hili, kwa sababu milioni 12 kwa miezi mitatu ni milioni nne kwa mwezi, na ukishakuwa na namba moja ya kweli unaweza kuuliza maswali ya kweli.

Kijana mmoja wa bodaboda alisimama: "Mil nne kwa mwezi halafu tunaambiwa anakula ugali na sukari? Mimi nipeni hiyo nikae golini bila glavu."

Banda likacheka. Ile kauli ya ugali na sukari, iliyotoka upande wa familia yake, haijawahi kusamehewa Temeke. Mwalimu mmoja mstaafu, anayekaa benchi letu, akamjibu taratibu: "Mwanangu, wewe utaendesha pikipiki mpaka miaka sitini Mungu akijalia. Yeye akifika thelathini na tano mnamwita babu. Mpigie hesabu ya maisha yote, usimpigie ya mwezi."

Mzee Risiti akanigeukia. "Dada mhasibu, tupe za klabu."

Nikampa ninazozijua. Julai 2022, miezi michache kabla ya Fei kuaga, Yanga walisaini na kampuni ya kubeti ya SportPesa mkataba wa udhamini wa miaka mitatu wa shilingi bilioni 12.335. Gawanya kwa miaka, ni bilioni 4.1. Gawanya kwa miezi, ni kama milioni 342. Mshahara wa milioni nne ndani yake ni asilimia moja na kitu. Kijana wa bodaboda akakaa. Fundi magari mmoja akasimama badala yake: hiyo 342 ndiyo inalipa kikosi kizima, makocha, kambi ya Avic Town kule Kigamboni, tiketi za ndege za mechi za Afrika, hoteli, madaktari. Kweli. Nikaongeza kwamba kuna mdhamini mwingine GSM, kuna viingilio, kuna haki za matangazo, kwani Azam Media walisaini na TFF mwaka 2021 mkataba wa miaka kumi wa shilingi bilioni 225.6 ambao klabu zote za ligi zinaula. Tukaendelea kujumlisha na kutoa mpaka chaki ikaisha.

Kuna namba moja ilimuuma kila mtu. Februari 2023, wakati Fei yuko nje ya timu, Rais Samia alianza kutoa milioni tano kwa kila goli la Simba na Yanga katika mashindano ya Afrika. Goli moja la Mama lilizidi mshahara wa mwezi wa kiungo aliyekuwa akiwatengenezea wenzake magoli. Hela ile ilikuwa ya timu nzima, si ya mtu mmoja, sawa. Hata hivyo mwalimu alitikisa kichwa kwa muda mrefu.

Safu ya mwisho ya ubao ina kichwa "Wageni", na iko tupu. Hoja kubwa ya upande wa Fei, tangu siku ya kwanza, ni kwamba mzawa anaona mgeni anaingia na mshahara mara kadhaa ya wake. Kanuni za wakati ule ziliruhusu wageni kumi na wawili kwa timu. Kila mtu pale ana namba ya mgeni fulani. Milioni kumi na tano, ishirini, thelathini. Hakuna mwenye risiti, basi Mzee haandiki. Nimekuja kuona huo utupu wa safu ndio ukweli mkubwa kuliko namba zote zilizopo. Klabu inasoma mapato na matumizi kwenye mkutano mkuu, jumla kwa jumla, wanachama wanapiga makofi, lakini ngazi ya mishahara ni siri. Siri hiyo ndiyo inayozaa migogoro: mchezaji anajilinganisha na uvumi, shabiki anamhukumu kwa uvumi, na wakala anapiga bei kwa uvumi.

Maoni yangu mimi niliyasema na nikayasimamia. Fei alikuwa na haki ya kutaka zaidi; alipita dirishani wakati mlango ulikuwa unakaribia kufunguka. Kanuni za FIFA zinamruhusu mchezaji kuzungumza na kusaini na klabu nyingine mkataba ukibakiza miezi sita. Kwa mkataba wa Mei 2024, mwisho wa 2023 angekaa mezani na yeyote amtakaye, Yanga wakamlilia. Kama ni mshahara haulipwi, miezi miwili ikipita anawapa notisi ya siku kumi na tano na kuondoka kihalali. Lakini hakuna aliyedai mshahara ulikuwa haulipwi. Ulikuwa mdogo tu, na udogo si kosa la kuvunjia mkataba. Yanga nao, wakiwa na sheria mkononi, walishindwa kitu rahisi: kumwita mapema, kumwongeza, na kumfunga miaka mingine. Kiungo wa timu ya taifa huachi mkataba wake uzeeke kabatini.

Shemeji akasema napendelea kwetu. Nikamwambia atoe risiti.

Mwisho wa sakata nadhani mnaujua. Juni 2023 Yanga walitoka Algeria, kombe la Shirikisho limewaponyoka kwa kanuni ya goli la ugenini mbele ya USM Alger, wakaalikwa Ikulu, na Rais akawaambia viongozi wamalize jambo la kijana yule. Siku chache baadaye klabu ya Azam, Wanalambalamba wa Chamazi, wakalipa, Fei akavaa jezi yao. Fundi magari ana neno lake hapo: "Jangwani kuna watu, Chamazi kuna pesa." Anachosema ni kwamba nyuma ya Azam kuna unga wa ngano, juisi na boti za Zanzibar, kwa hiyo hesabu ya mshahara kwao haianzii getini. Yanga lazima ianzie kwa mdhamini na kuishia kwa shabiki.

Msimu uliofuata Fei alifunga magoli 19. Aziz Ki wa Yanga akafunga 21 na Yanga ikabeba ubingwa. Azam wakamaliza wa pili, wakiwa na pointi 69 sawasawa na Simba, wakawazidi kwa tofauti ya magoli, wakaenda Ligi ya Mabingwa. Kwa hiyo katika mgogoro wa Yanga na mchezaji wake, aliyelipa gharama ni Simba. Shemeji alikunywa kahawa yake kimya, na mimi nikamwongezea kashata.

Sasa upungufu wa banda, maana upo. Choo ni kimoja, kipo uani kwa jirani, na ufunguo unashikwa na mtoto ambaye naye anapenda mpira. Muhogo unakaangwa ndani, kwa hiyo upepo ukigeuka mnatazama mechi mkilia. Kubwa zaidi ni Mzee mwenyewe: mjadala ukinoga anapunguza sauti ya runinga na kusimama mbele ya kioo akiandika. Goli la kwanza la mechi moja niliyolipia niliona marudio tu, kwa kuwa alikuwa anagawanya bilioni. Siku nyingine kifurushi kilikata kipindi cha pili. Aliturudishia kwa kahawa, si kwa fedha, na hiyo haikunipendeza; jero ni jero. Kama kifurushi chenyewe ni cha nyumbani au cha biashara sijamuuliza, na nyie msimuulize.

Kipo pia kitu ambacho ubao hausemi, na nilikiandika mwenyewe siku moja Mzee alipokwenda kuswali. Jero zetu zote zinaishia pale pale: kwenye dizeli, kahawa na muhogo. Hakuna hata shilingi ya kiingilio inayofika Jangwani, Msimbazi wala Chamazi. Aliporudi aliusoma mstari huo, akafuta nusu ya mshahara wa Fei ili kupata nafasi, akauandika upya kwa herufi kubwa. Bado upo.

Kahawa nampa alama zote, ni chungu na ya moto kama inavyotakiwa. Kachori zinakwisha mapema. Mabaa ya Sinza yana skrini kubwa zaidi na viti vya kuegemea, ila ukitaja bajeti ya klabu pale unaongezewa muziki.

Siku ya Simba na Yanga fikeni saa mbili kabla, wenye jezi tofauti mkae pamoja tu, hakuna shida. Njooni na chenji, Mzee hapendi noti ya elfu kumi. Na yeyote mwenye risiti ya mshahara wa mgeni mmoja tu, wa timu yoyote, kahawa yake wiki nzima ni juu yangu.