Uzoefu wangu wa Xagħra, Gozo: kijiji cha kulala, si cha kupita

Nianze na hukumu, maana wengi husoma mistari ya juu tu: Xagħra panastahili usiku wenu mmoja au miwili. Anayekuuzia safari ya kushuka kwenye basi, kupiga picha na kuondoka anakuuzia kipande cha mkate kwa bei ya mkate mzima.

Kijiji hiki kipo Gozo, kisiwa cha pili kwa ukubwa katika nchi ya Malta, kilomita za mraba 67 tu. Jina hutamkwa "Shaara". Nilikwenda mwezi wa Oktoba na shangazi yangu, aliyekuja kunitembelea Ujerumani ninakofanya kazi. Ni mzaliwa wa Mombasa, umri umesonga, magoti yanamsumbua, na swali likimjia hulitoa hapo hapo. Nusu ya maoni yaliyomo humu ni yake.

Kufika ni rahisi kuliko nilivyodhani. Viza ya Schengen aliyokuwa nayo ilitosha, maana Malta imo. Kutoka uwanja wa ndege mnapanda basi la X1 hadi Ċirkewwa, kisha feri ya dakika 25 hivi hadi bandari ya Mġarr. Kwenda hamuulizwi nauli. Inalipwa mkirudi, Yuro 4.65 kwa abiria wa miguu. "Mwanangu, tiketi umekata kweli?" Shangazi aliniuliza mara tatu, akiangalia nyuma kama tumepanda kwa magendo. Ipo pia boti ya kasi kutoka Valletta tangu 2021, ila ukitokea uwanja wa ndege X1 haina usumbufu. Mġarr mtapanda basi la Victoria, mji mkuu wa kisiwa, kisha jingine linalopandisha mlima hadi Xagħra.

Kabla ya mawe maarufu, tazameni vilima. Gozo ina vilima vilivyokatwa juu vikawa bapa, na Xagħra imekaa juu ya kimojawapo. Juu kuna tabaka la jiwe gumu la chokaa lililojengeka chini ya bahari zama na zama, na chini yake kuna udongo wa mfinyanzi wa kibuluu usiopitisha maji. Mvua ikinyesha hupenya kwenye nyufa za jiwe, ikifika kwenye udongo inakwama, kisha inatafuta njia pembeni na kutoka kama chemchemi. Katika nchi isiyo na mto hata mmoja unaotiririka mwaka mzima, hilo ni jambo zito. Ukisimama ukingoni mwa kijiji unaona mashamba ya ngazi yakishuka kwenye bonde la Ramla, na ng'ambo yake kijiji cha Nadur juu ya kilima chao. Hapo nilielewa kwa nini watu wa zama mbalimbali wamerudi kujenga pale pale.

Sasa Ġgantija, mahekalu ya kale ya mawe, ndilo jina linalowaleta wageni. Tiketi moja inaingiza hekalu pamoja na kinu cha upepo cha Ta' Kola, na msikubali kuacha nusu ya pili. Mnapita kwanza kwenye jumba la maonyesho, mnatoka nje, mnafuata njia iliyotengenezwa vizuri hadi kwenye mawe. Shangazi aliimudu yote kwa fimbo yake.

Ni mahekalu mawili yaliyozungushiwa ukuta mmoja, yaliyojengwa kati ya 3600 na 3200 K.K. Piramidi za Giza zilikuja karibu miaka elfu moja baadaye. Ukuta wa nje bado una sehemu zinazozidi mita 6 kwenda juu, na yapo mawe yenye urefu wa zaidi ya mita 5. Wajenzi hawakuwa na chuma wala shaba. Hekalu la kusini ndilo la zamani zaidi na kubwa zaidi: vyumba vitano vya nusu duara vinavyofunguka kwenye njia ya katikati, kama majani ya mmea. Nje walitumia jiwe gumu la hapo hapo kilimani. Ndani, kwenye vizingiti na mahali pa sadaka, walileta jiwe laini la rangi ya asali linalochongeka. Waliyajua mawe yao.

Jiwe la nje limetobokatoboka, lina vishimo vya kuingia kidole na makali ya kukwaruza. Shangazi alisogea, akanyoosha mkono, mlinzi akakohoa. Akarudisha mkono kwa heshima, lakini macho hayakurudi. "Haya mawe yamebebwa na nani?" Nikamsimulia wanavyosema wenyeji: jitu la kike lililokula maharage na asali, likabeba mawe huku mtoto amening'inia begani. Akanitazama kidogo. "Basi hiyo ni kweli," akasema. "Mwanaume angeacha kazi nusu."

Kwenye kuta za ndani mtaona majina na miaka iliyochongwa na wageni wa karne ya 19, baada ya mahali pale kufukuliwa mwaka 1827 chini ya Otto Bayer. Mwanzo nilikereka. Kisha nikajikuta nasimama muda mrefu kwenye herufi zile kuliko mbele ya ubao wa maelezo. Uharibifu nao ukikaa sana hugeuka historia, hata kama mlinzi wa leo hatakubaliana nami.

Jumba la maonyesho ni dogo na msilikimbie. Si mbali na hekalu palichimbwa kati ya 1987 na 1994 makaburi ya chini ya ardhi, yanayoitwa Duara la Xagħra, na humo yakatoka mabaki ya mamia ya watu wa zama zile zile. Eneo lenyewe halitembelewi kiholela, lakini vitu vilivyotoka huko vinakupa sura ya watu badala ya mawe matupu. Kuna pia vijisanamu vinene ambavyo mitandaoni huitwa "mungu mama". Viangalieni vizuri: vingi havina alama ya kike wala ya kiume. Mambo ya mungu mama ni tafsiri ya watu wa baadaye.

Ushauri mmoja wa kweli: ingieni mlango unapofunguliwa. Tulikuwa karibu peke yetu. Baadaye yakafika makundi ya vifurushi vya siku moja, kiongozi na kibendera mbele, watu wanahesabiwa kama mbuzi wa mnadani, na kabla hujamaliza kusoma ubao mmoja wameshaitwa kwenye basi.

Ta' Kola ni mwendo mfupi kwa miguu, na kusema kweli ndipo nilipofurahi zaidi. Kinu kilijengwa 1725 wakati wa Mreno António Manoel de Vilhena, Mkuu wa Shirika la Mtakatifu Yohane, wapiganaji wa Kikristo waliotawala Malta. Mawe ya mwanzo hayakuwa mazuri, ikabidi kivunjwe na kujengwa upya miaka ya 1780. Chini ni karakana: nyundo, patasi, misumeno, vyote vimechakaa mpini kwa mikono ya watu. Juu aliishi msagaji na familia yake, na juu zaidi, kwa ngazi ya mzunguko iliyobana, kuna mawe ya kusagia na mhimili wa mbao. Shangazi alibaki chini na zana. Mwenye magoti mabovu asijaribu ngazi ile.

Kilichonishika ni kome. Upepo ukikaa sawa, msagaji alitoka na kome kubwa la baharini akalipuliza, na kijiji kizima kikajua: leo kinu kinafanya kazi, leteni nafaka. Nilipomshukia Shangazi na habari hiyo hakushangaa hata kidogo. "Mbiu ya mgambo ikilia kuna jambo," akasema, akaendelea kukagua patasi.

Kitu kimoja hamtaelezwa vya kutosha pale kijijini, nami naona ndicho kinachounganisha kila kitu. Kati ya hekalu na kinu kuna pengo la maelfu ya miaka, na kijiji mnachokiona ni kichanga kuliko sura yake. Mwaka 1551 meli za Uthmaniya, dola ya Waturuki, zilikuja Gozo, zikaizingira ngome ya Victoria, zikawachukua karibu watu wote wa kisiwa, kama elfu tano, utumwani Tripoli. Walioishi Gozo baadaye walitakiwa na sheria kulala ndani ya ngome kila usiku, sheria iliyoondolewa 1637 tu. Hapo ndipo watu walipoanza kutawanyika vijijini kwa amani, na Xagħra ikawa parokia kamili mwaka 1688. Shangazi amekulia karibu na Fort Jesus, na nilipofika kwenye meli za Waturuki alinikatiza. Alikuwa anamkumbuka Mir Ali Bey, nahodha wa Uthmaniya aliyekuja pwani yetu miaka ya 1580 na kuwatia Wareno hofu, wakaanza kujenga ngome yao Mombasa mwaka 1593. Bahari mbili, dola ile ile, karne ile ile.

Ramla, ufuko ulio chini ya kijiji, una mchanga mwekundu wa kutu. Kushuka kwa miguu ni raha, kupanda ni adhabu, kodini teksi. Mashirika ya kuuza safari hukazania pango la Calypso, mwanamke wa hadithi za Kigiriki anayesemekana alimzuia Odysseus miaka saba. Pango lenyewe lilifungwa kwa sababu mwamba si imara, mnachopata ni kibaraza cha kutazamia. Mandhari ni nzuri, hadithi ni nzuri, ila msilipie safari kwa ajili ya shimo lililofungwa. Bora mjue kwamba chini ya maji ya ufuko huo kuna ukuta uliojengwa wakati wa Shirika kuzuia mashua za adui zisifike nchi kavu. Waliojenga ukuta huo walikuwa bado na 1551 kichwani.

Malazi ndiyo yaliyonipunguzia nyota. Tulikodi chumba katika nyumba ya zamani ya mawe, na tangazo lilisema wazi kwamba kiko chini. Tukapelekwa juu, karibu na paa. Mwenye nyumba alitabasamu sana, akaahidi sana, na chumba cha chini kikapatikana kesho yake baada ya Shangazi kukaa kwenye ngazi na kugoma. Nyumba hizo za kuta nene ni nzuri, zina ubaridi mtamu mchana, lakini usiku wa Oktoba unyevu unaingia mifupani. Ombeni blanketi la ziada mapema. Kengele za kanisa nazo huanza alfajiri.

Chakula: jioni uwanja wa kanisa hujaa wazee na watoto, na mikahawa iko hapo hapo. Jaribuni ġbejniet, vijibini vidogo vya maziwa ya kondoo au mbuzi, na ftira ya Gozo, mkate bapa unaookwa na viazi au jibini juu. Sungura ndiye kitoweo cha heshima. Nguruwe anajificha kwenye soseji na michuzi, kwa hiyo Waislamu ulizeni kabla ya kuagiza, na mwenye kutaka msikiti ajue uko Paola, kisiwa kikuu, si Gozo. Sisi tulikula samaki na hatukujuta.

Msije Julai na Agosti kama joto na msongamano vinawashinda. Tarehe 8 Septemba ni sikukuu ya kijiji, ya kuzaliwa kwa Bikira Maria, ambayo pia ni kumbukumbu ya kumalizika kwa mzingiro mkubwa wa mwaka 1565, Waturuki walipoizingira Malta: fataki, bendi, kijiji hakilali. Mwenye kupenda shamrashamra apange tarehe hiyo na akate chumba mapema.

Mkikodi gari, Malta wanaendesha kushoto kama nyumbani, ingawa barabara za vijiji ni nyembamba na kioo cha pembeni mtakikunja mara nyingi. Na msikimbizane na saa jioni ya kuondoka: feri inafanya kazi usiku na mchana.