Vitanda vya watoto vya mafundi wa Unguja: mbao chukua, mito iache dukani

Kitanda cha mtoto cha mbao ngumu kinachochongwa na seremala wa hapa mjini ni kizito, hakiyumbi, na kikitunzwa kitalaza watoto watatu wanne. Ila usilipe arbuni kabla ya kutoa tepu.

Pima fito za ubavuni kwanza. Nafasi kati ya ufito na ufito isizidi sentimita 6. Mafundi wengi huzipanga kwa jicho, na kitanda kimoja kinaweza kuwa na 5 upande huu na 8 upande wa pili. Hatari yake ni hii: mtoto hutangulia kupenya miguu, kiwiliwili kikafuata, kichwa kikanaswa. Kile kipimo cha kopo la soda, kwamba likipenya kati ya fito basi nafasi ni kubwa mno, hakifai tena, maana makopo membamba ya siku hizi hupenya hata penye nafasi salama. Vichwa vya nguzo za pembeni navyo viwe bapa. Vile virembo vya mviringo vinapendeza, lakini hunasa nguo ya mtoto anayejaribu kusimama. Mwambie fundi avikate.

Viungio viwe vya bolti na nati. Msumari hulegea mbao zikivimba masika na kunywea kaskazi. Kaza kila mwezi.

Godoro ndiyo sehemu dhaifu kuliko zote. Vitanda vya kuchonga havina saizi moja, kwa hiyo sponji hukatwa kwa kukisia. Likibaki pengo linaloingia vidole viwili kati ya godoro na ubao, lirudishe. Mtoto akibiringika uso hukwama humo. Bonyeza katikati kwa kiganja: sponji nzuri hurudi papo hapo, mbaya hubaki na shimo. Shuka iwe moja, ya mpira pembeni.

Halafu kuna ile seti: mto wa usufi, vimto viwili vya kumbana mtoto ubavuni, na kitambaa kinene cha kuzungushia fito. Duka linaihesabu kuwa zawadi. Yote hiyo huziba pumzi, na mtoto mchanga hana nguvu ya kugeuza shingo akajinasua. Marekani ilipiga marufuku vile vizungushio vinene mwaka 2022. Mtoto alazwe chali, kitanda kitupu. Uzi wa mvuje ukiwa shingoni, uvuliwe kabla ya kulala.

Chandarua kinahitajika, lakini kining'inie kutoka darini na kuchomekwa chini ya godoro kikiwa kimekaza; kikilegea kinamwangukia usoni. Usitandaze kanga juu ya kitanda kuzuia mwanga. Hewa haipiti, na kwa joto la kaskazi nepi na fulana nyepesi zinamtosha.

Agiza chaga yenye ngazi mbili. Vingi vina moja tu, na hapo ndipo tunapowatoa alama mafundi wetu. Mtoto akianza kukaa, ishushe. Akisimama, kutoka juu ya godoro hadi ukingoni kusipungue sentimita 60.

Vya mtumba vyenye ubavu wa kushuka na kupanda, hata viwe rahisi vipi, viacheni. Vishikizo vya plastiki huvunjika, ubavu ukaachia upande mmoja na kufanya mtego. Huko Marekani uuzaji wake ulikatazwa 2011, na haviwi salama kwa kuvuka bahari.