Vifaa vya kuvulia baharini: anayeanza anunue kipi kwanza?

Rili nyingi, yaani vile vifaa vya kukunjia mshipi kwenye fimbo, huharibiwa na chumvi kabla hazijapata nafasi ya kuharibiwa na samaki. Ile iliyotengenezwa kwa ajili ya mito na maziwa, yenye beringi za chuma cha kawaida, inaweza kuanza kukwaruza baada ya safari chache tu za baharini. Kwa sababu hiyo nimevipanga vifaa hivi kwa kuangalia mambo mawili: uwezo wake wa kustahimili chumvi, na wepesi wake mkononi mwa mtu ambaye hajawahi kurusha mshipi.

Nafasi ya kwanza naipa fimbo ya mita 2.1 hadi 2.4 iliyofungwa rili ya kuning'inia chini yake, ambayo kigurudumu chake hakizunguki wakati wa kurusha, hivyo mshipi hauvurugiki kirahisi. Chagua rili yenye namba ya ukubwa 4000 au 5000, ambayo inatosha kuvulia gatini, kwenye miamba au ndani ya mashua ndogo. Kabla hujalipa, legeza breki, sehemu ya rili inayozuia mshipi kutoka ovyo samaki anapovuta, kisha uvute mshipi kwa mkono. Ukitoka kwa kushtukashtuka, irudishe, kwa kuwa hapo ndipo mshipi utakapokatika samaki akikimbia. Kisha pitisha kipande cha pamba ndani ya kila pete ya fimbo, na ikiwa nyuzi zake zitanasa, pete hiyo ina ufa utakaousaga mshipi taratibu. Fimbo ya faibaglasi ni nzito kuliko ya kaboni, lakini huvumilia kugongwa na kuangushwa, jambo ambalo mwanafunzi hulifanya mara nyingi kuliko anavyokiri.

Katika rili hiyo weka mshipi wa nailoni wenye nguvu ya kilo 7 hadi 9. Wauzaji watakusifia mshipi wa kusukwa, na ni kweli kwamba ni mwembamba zaidi kwa nguvu ileile, ila hauvutiki, na kosa dogo la kuvuta kwa ghafla humng'oa samaki kwenye ndoana. Mwishoni unga kipande cha nailoni nene zaidi ili kistahimili kusuguliwa na mawe; kwa samaki wenye meno makali kama nguru na mzia, kipande hicho kiwe cha waya. Breki ikazwe kwa takriban robo ya nguvu ya mshipi, yaani kilo 2 kwa mshipi wa kilo 8, nawe unaweza kuipima kwa mizani ya kuning'iniza.

Nafasi ya pili ni mshipi wa mkono, wenye ndoana na chubwi tu. Hauna kitu cha kushika kutu isipokuwa ndoana, na humfundisha mvuvi kuhisi samaki anavyodonoa kuliko fimbo yoyote. Upungufu wake ni kwamba ukiwa ufukweni haufiki mbali. Mwenye mashua na fedha kidogo aanze na huu.

Fimbo ndefu ya ufukweni, ya mita 3.6 au zaidi, inashika nafasi ya tatu, maana huvusha chambo nyuma ya mawimbi lakini ni mzigo mahali pengine popote. Rili ya kukaa juu ya fimbo ni ya nne: ina nguvu, lakini kigurudumu chake huzunguka wakati wa kurusha, na kidole gumba kikichelewa kukizuia unabaki na fundo la kufumua hadi jioni.

Ya mwisho ni fimbo ya kuchomoza, ambayo vipande vyake huingiana ili iwe fupi. Niliwahi kuvutiwa na moja kwa kuwa iliingia mkobani. Mchanga na chumvi viliingia kwenye viungo vyake, ikagoma kurudi, nami nikaibeba nyumbani ikiwa ndefu vilevile.

Kifaa chochote utakachochagua, kimwagie maji yasiyo na chumvi kila urudipo, kwa upole na si kwa bomba la nguvu, ambalo husukuma chumvi ndani ya rili. Kaza breki kabla ya kuosha ili maji yasipenye, kisha ilegeze rili ikishakauka.